Sura ya Tano: Jani Nalo Hula

Ifikapo Julai, mikoa ya korosho ya kusini mwa Tanzania huwa imeshaagana na mvua. Kuanzia Newala na Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, hadi Masasi, Nachingwea, Ruangwa na Tunduru, mahindi yameshavunwa na mchanga wa juu umekauka. Wakati huo mkorosho ndio kwanza unaanza kazi yake kubwa ya mwaka. Ncha za matawi hutoa majani machanga yenye wekundu wa shaba, kisha hufuata mashada ya maua, na kila shada hubeba maua madogo kwa mamia. Mengi ni ya kiume. Machache yana viungo vya kiume na vya kike kwa pamoja, na hayo ndiyo pekee yanayoweza kuzaa korosho.

Hata hayo machache hayafiki yote ghalani. Anayepita chini ya mikorosho mwezi Agosti au Septemba hukuta korosho changa za kijani zimetapakaa mchangani, nyingine hazijafikia hata ukubwa wa harage. Huenda ugonjwa wa ubwiriunga ulikausha ua. Huenda mbu wa mikorosho alifyonza utomvu, au chavua haikufika palipotakiwa. Na mara nyingine mti umeshika matunda mengi kuliko chakula ulicho nacho, ukaanza kuyaangusha. Sababu hiyo ya mwisho ndiyo iliyowafanya wakulima wengi waanze kuulizia dukani kile wanachokiita busta, yaani mbolea ya kupulizia kwenye majani.

Kwa nini mti wenye mizizi mirefu kiasi kile ukose chakula? Jibu liko kwenye kina cha udongo. Mizizi mikuu ya mkorosho huzama mita kadhaa ardhini na kufuata unyevu uliobaki baada ya masika, na ndiyo maana mti huweza kuchanua katikati ya kiangazi. Lakini sehemu kubwa ya virutubisho haiko huko chini. Naitrojeni, boroni na zinki hukaa zaidi kwenye tabaka la juu, penye majani yaliyooza na viumbe vidogo vya udongo. Mzizi hauwezi kufyonza madini makavu. Lazima kwanza yayeyuke kwenye maji. Mchanga wa juu ukikauka, mkorosho huwa kama nyumba yenye kisima kilichojaa na ghala lililofungwa kufuli: kunywa unaweza, kula ni shida. Na huo ndio wakati maua yanapodai chakula kuliko mwezi mwingine wowote.

Mbolea ya majani inaingia kwenye pengo hilo. Ikitumiwa kwa kirutubisho kinachopungua kweli, katika wiki mti unapokihitaji, inaweza kubadilisha mavuno. Ikitumiwa badala ya kutunza udongo, au badala ya kudhibiti ubwiriunga, humaliza fedha za mkulima bila kumrudishia kitu.

Tone na nta

Jani halikuumbwa ili linyweshwe. Ngozi yake ya nje imefunikwa kwa utando wa nta unaozuia maji ya ndani yasipotee juani, na utando huohuo huzuia maji ya nje yasiingie ovyo. Hata hivyo hauzibi kabisa. Una vipenyo vidogo mno ambamo chembe zilizoyeyuka hupita polepole, na upande wa chini wa jani la mkorosho umejaa vitundu vya kupumulia ambavyo navyo huruhusu kiasi fulani kuingia. Mpulizaji anayelowesha upande wa juu pekee, ule unaong'aa, ameacha upande wenye faida zaidi ukiwa mkavu.

Umri wa jani una uzito wake pia. Jani changa, ambalo bado lina wekundu wa shaba, lina nta nyembamba na hupokea haraka. Jani la mwaka jana limekomaa, gumu na lenye nta nene. Tone hulitelezea na kuanguka. Kwa bahati njema, majani machanga ya mkorosho hutangulia maua, kwa hiyo mlango huwa wazi zaidi wiki chache kabla ya uhitaji kufika kileleni.

Ujuzi huu una historia ndefu. Mnamo miaka ya 1840, Mfaransa Eusèbe Gris aliona mizabibu iliyopauka kwa kukosa chuma ikirudisha ukijani pale majani yake yalipopakwa maji yenye chumvi ya chuma. Miaka sabini hivi baadaye, Hawaii, Maxwell Johnson alikabili tatizo kama hilo kwenye mananasi. Udongo ulikuwa mwekundu, umejaa chuma, lakini manganizi iliyozidi iliufanya mnanasi ushindwe kukitumia. Mwaka 1916 alitoa taarifa kwamba kupulizia salfeti ya chuma kwenye majani kuliyaponya mananasi, na mashamba makubwa ya huko yakaifanya kazi hiyo kuwa ya kawaida. Kisha katika miaka ya 1950, Harold Tukey na Sylvan Wittwer wa Michigan, Marekani, walipaka majani fosforasi yenye mionzi na kuifuata kwa vipimo ilivyokuwa ikisafiri ndani ya mmea, kuelekea juu na hata kushuka hadi mizizini. Baada ya hapo haikubaki shaka kwamba jani linaweza kula.

Swali lililobaki ni kiasi gani.

Hesabu ya naitrojeni na boroni

Mapendekezo yanayotumika sana India kwa mkorosho uliokomaa ni gramu 500 za naitrojeni kwa mti kwa mwaka, pamoja na fosfati gramu 125 na potashi gramu 125, vyote vikiwekwa ardhini. Sasa chukua mkulima aliyeyeyusha urea kwa kiwango cha asilimia 2, yaani gramu 300 katika bomba la lita 15, na kuupulizia mti mmoja lita 5. Mti huo umepata gramu 100 za urea. Kwa kuwa urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, kilichofika ni gramu 46, na hiyo ni kama hakuna tone lililodondoka chini wala kupeperushwa na upepo. Haifiki hata sehemu ya kumi ya mahitaji. Ili aumalizie mti gramu zote 500 kupitia majani, ingebidi apulizie zaidi ya mara kumi kwa msimu mmoja. Akiongeza ukali wa dawa ili kupunguza safari, majani yataungua kingo.

Hesabu ya boroni inakwenda upande mwingine kabisa. Boraksi ina takriban asilimia 11 ya boroni. Kwa kiwango cha asilimia 0.1, yaani gramu 15 kwenye lita 15, lita 5 zitaupelekea mti gramu 5 za boraksi, ambamo mna nusu gramu hivi ya boroni. Kiasi hicho kinaonekana kidogo, lakini ua la mkorosho linahitaji boroni kwa vipimo vya aina hiyo. Bomba moja linaweza kuleta tofauti inayoonekana.

Kwa hiyo vile virutubisho vinavyohitajika kwa wingi, yaani naitrojeni, fosforasi na potasiamu, mahali pake hasa ni ardhini, na jani huviongezea kidogo tu wakati wa dhiki. Vile vinavyohitajika kwa kiasi kidogo, yaani boroni, zinki na molibdenamu, vinaweza kuingia kwa kiasi cha kutosha kupitia majani. Anayenunua chupa ya busta asome lebo yake akiwa na hesabu hii kichwani. Chupa inayojisifu kwa naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa asilimia kubwa, lakini inatakiwa kuchanganywa mililita chache tu kwenye bomba, haiwezi kuulisha mti wenye mwavuli wa mita kumi.

Kila kirutubisho na kazi yake

Boroni hufanya kazi yake pale chavua inapotua kwenye ua. Chembe ya chavua huota mrija mwembamba unaoshuka hadi kwenye kijiyai ili utungisho ufanyike, na mrija huo huhitaji boroni ili usipasuke wala kukomea njiani. Mti wenye upungufu unaweza kuchanua vizuri na nyuki wakaja, lakini matunda yasishike. Boroni haihami kirahisi kutoka jani kuukuu kwenda ua jipya, kwa hiyo ile iliyopuliziwa Machi haitalisaidia ua la Julai. Tena nafasi kati ya kiasi kinachotosha na kile kinachodhuru ni finyu. Mkono ukizidi, kingo za majani huungua.

Zinki husimamia urefu wa matawi na ukubwa wa majani, kwa sababu mmea huitumia kutengeneza homoni ya ukuaji. Upungufu wake huonekana kwenye machipukizi: majani madogo, membamba, yamesongamana nchani, na rangi ya njano kati ya mishipa. India hutumia salfeti ya zinki kwa kiwango cha asilimia 0.5, sawa na gramu 75 kwenye bomba la lita 15. Kwa kuwa chumvi hiyo inaweza kuunguza majani machanga, wakulima wa matunda huko huongeza chokaa iliyozimwa, nusu ya uzito wa zinki, ili kuipunguza ukali.

Magnesiamu iko katikati ya kila chembe ya ukijani wa jani. Ikipungua, majani ya zamani hugeuka njano kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Potasiamu nayo husafirisha sukari kutoka jani, inakotengenezwa, hadi kwenye tunda, na umuhimu wake hupanda wakati kiini cha korosho kinajaa.

Molibdenamu ina kisa chake. Kusini mwa India, mikorosho iliyopandwa kwenye udongo wenye tindikali kali iliota madoa ya njano kwenye majani, na baadaye majani yakawa yanapukutika. Wengi wangedhani ni ukungu. Wachunguzi walipopima madini ndani ya majani walikuta molibdenamu pungufu na manganizi iliyozidi, na mwaka 1986 matokeo hayo yakachapishwa. Tindikali ilikuwa imeifunga molibdenamu ardhini na kuiachilia manganizi. Dawa ya ukungu isingesaidia kitu hapo. Kilichohitajika ni chumvi ya molibdenamu kwenye majani kwa msimu huo, na chokaa kwenye udongo kwa misimu iliyofuata.

Kisa hicho kinawahusu moja kwa moja wakulima wa Mtwara na Lindi.

Deni la salfa

Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 140,000 za korosho ghafi. Miaka kumi na mitatu baadaye, msimu wa 1986/87, mavuno yalikuwa yameshuka chini ya tani 20,000. Uhamisho wa watu wakati wa Operesheni Vijiji uliwaweka wakulima wengi mbali na mikorosho yao, bei zilivunja moyo, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ubwiriunga ulikuwa ukifunika machipukizi na maua kwa unga mweupe. Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, waligundua kwamba unga wa salfa unauzuia ugonjwa huo, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 salfa ikaenea. Iliokoa zao. Bila salfa, miche bora iliyozalishwa Naliendele isingefika mbali, wala nchi isingefikia mavuno ya zaidi ya tani 500,000 ya msimu wa 2024/25.

Salfa hiyo haiishii kwenye majani. Pendekezo lililozoeleka kwa miaka mingi lilikuwa gramu 250 kwa mti kwa kila mzunguko, mizunguko mitano kwa msimu, yaani kilo moja na robo. Sehemu yake huanguka chini. Bakteria wa udongo huila na kuigeuza kuwa tindikali ya salfa, na tindikali hiyo huzing'oa kalsiamu, magnesiamu na potasiamu kutoka kwenye chembe za udongo. Mvua ya masika ikija inazisomba. Kwa hesabu ya kemia, kilo moja ya salfa iliyogeuka yote huhitaji takriban kilo tatu za chokaa ili kuituliza. Kama kilo moja na robo yote ingeingia ardhini, mti mmoja ungehitaji karibu kilo nne za chokaa kila mwaka. Udongo wa uwanda wa Makonde ni wa kichanga, hauna mfinyanzi wala mboji ya kutosha kuhimili mzigo huo. Katika miaka ya 1990 watafiti, akiwemo mwanasayansi wa udongo Amos Majule, walichunguza udongo wa kusini chini ya mikorosho iliyopigwa salfa, wakaonya kwamba tindikali inaongezeka.

Kwa hiyo shamba lililopigwa salfa miaka ishirini au thelathini linaweza kuwa na njaa ambayo jicho haliioni haraka: magnesiamu na kalsiamu zimesombwa, molibdenamu imefungwa. Mbolea ya majani inaweza kuupa mti nafuu kwa msimu mmoja. Lakini deni liko ardhini, na hulipwa ardhini, kwa chokaa, kwa samadi, na kwa kuacha majani yaliyoanguka yaoze chini ya mti badala ya kuchomwa moto. Kituo cha Mlingano cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), mkoani Tanga, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hupima sampuli za udongo. Kipimo kimoja cha tindikali kinaweza kumwonyesha mkulima kwamba fedha alizokusudia kununulia busta zingefaa zaidi zikinunua chokaa.

Wiki za kupulizia

Kwa mikoa ya kusini, wataalamu wa lishe ya miti huangalia nyakati tatu. Ya kwanza ni majani machanga yanapotoka, kati ya Mei na Julai, wakati jani linapokea vizuri. Huo ni wakati wa zinki, magnesiamu, na urea kidogo kwa mti ulio dhaifu. Ya pili ni mashada yanapojitokeza, kabla maua hayajafunguka. Hapo boroni inapata ua linalojengwa. Ya tatu ni korosho zinaposhika, zikiwa ndogo kama harage, na potasiamu ndiyo inayosaidia zaidi. Nyakati hizi zinalingana na zile zinazotumika India, ambako urea huchanganywa na kiuatilifu cha kuzuia mbu wa mikorosho katika awamu tatu: ya machipukizi, ya maua na ya matunda. Mkulima hutoka mara moja na kufanya kazi mbili.

Urea ina tahadhari yake. Naitrojeni ikizidi, au ikichelewa, mti huendelea kuchipua majani laini wakati ulipaswa kushughulikia maua, na machipukizi laini ndiyo yanayopendwa na ubwiriunga na mbu wa mikorosho. Mti uliokwisha kupata samadi ya kutosha, wenye majani ya kijani kilichoiva, hauna haja ya urea ya kupuliziwa.

Saa ya siku nayo ina maana. Madini huingia kwenye jani yakiwa yameyeyuka. Maji yakikauka, chumvi hubaki juu ya nta kama vumbi. Wakati wa kipupwe umande huanguka usiku juu ya uwanda, na dawa iliyopuliziwa jioni hulowanishwa tena na umande huo, ikapata saa nyingi za kuingia. Asubuhi na mapema pia hufaa, kabla upepo wa kusi haujashika kasi. Saa nne na saa tano asubuhi hazifai kabisa. Jua limeshapanda, tena huo ndio wakati maua yenye uwezo wa kuzaa yanapofunguka na nyuki na nzi wanapoyatembelea. Kuwamwagia dawa wachavushaji saa hiyo ni kuyakata mavuno kwa mkono wa mwenye shamba mwenyewe, hasa kama ndani ya bomba kuna kiuatilifu.

Uchanganyaji unahitaji subira. Chumvi za kalsiamu hazikai pamoja na zile za fosfati au salfeti. Hugandana na kuziba mdomo wa bomba. Zinki na fosfati nazo hugombana. Njia rahisi ya kujua ni kuchanganya kidogo kwenye chupa ya plastiki isiyo na rangi, kwa uwiano uleule wa bomba, na kuiacha nusu saa. Kukitokea ukungu, mabonge au mashapo, vitu hivyo vipuliziwe siku tofauti. Maji ya visima vya karibu na bahari, yenye chumvi, huongeza uwezekano wa kuunguza majani. Matone machache ya sabuni laini ya maji husaidia dawa itandae juu ya nta badala ya kujikusanya na kudondoka. Na kabla ya kupulizia shamba zima, tawi moja lijaribiwe na kuangaliwa baada ya siku tatu.

Salfa ya unga hupigwa kwa mashine ya upepo, ikiwa kavu, ila mbolea ya majani huhitaji bomba la maji. Kwa mikorosho ya zamani yenye urefu wa zaidi ya mita kumi, bomba la mgongoni halifiki juu, na nguvu kubwa hupotelea kwenye matawi ya chini ambayo hayazai sana. Hapo kupogolea kunatangulia. Mti uliopunguzwa matawi makavu na yale yanayosongamana hupuliziwa kwa maji machache, hewa hupita, na hata ubwiriunga hupungua.

Kinachopimwa ghalani

Kwa mkulima wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, ubora huanza kuonekana siku sampuli yake inapokatwa. Mpimaji hupasua korosho kwa kisu, hutenga viini vizuri, vilivyosinyaa, vyenye madoa na vilivyooza, kisha hukokotoa ni ratili ngapi za kiini kizuri zinazoweza kupatikana kwenye gunia la kilo 80. Ratili moja ni gramu 454. Gunia lenye kipimo cha ratili 48 lina karibu kilo 21.8 za kiini kizuri; lenye ratili 54 lina kilo 24.5. Tofauti ya kilo mbili na robo tatu kwenye gunia lilelile ndiyo mnunuzi anayoiangalia mnadani, na kubangua korosho zinazojaa kiini huwapa pia wenye viwanda viini vikubwa. Daraja liitwalo W180, la viini 180 au pungufu kwa ratili moja, huuzwa kwa bei ya juu kuliko W320.

Lishe inaingiaje hapo? Korosho hukua kwa mpangilio wa ajabu. Katika wiki tano au sita za kwanza ganda hufikia ukubwa wake kamili, likiwa la kijani na laini. Halafu hunywea kidogo na kuwa gumu, kiini kikijaa ndani yake, na mwishoni kabisa bibo linavimba haraka na kupata rangi. Ukubwa wa ganda huamuliwa mapema, uzito wa kiini huamuliwa baadaye. Mti ulioishiwa magnesiamu na potasiamu katikati ya safari unaweza kuwa na maganda makubwa yenye viini vilivyosinyaa, na hasara hiyo haionekani mpaka kisu kipite. Awamu ya tatu ya kupulizia, korosho zinapokuwa changa, inalenga kipindi hicho.

Lakini kiini chenye madoa meusi mara nyingi kimechomwa na mdudu anayefyonza, na kiini chenye ukungu kimeanikwa vibaya au kimewekwa kwenye gunia kikiwa na unyevu. Hakuna busta inayoponya hayo. Unyevu wa korosho ghafi unatakiwa uwe karibu asilimia 8 hadi 10, na huo hupatikana kwa jua na jamvi, siku chache baada ya kuokota. Anayepulizia boroni Julai kisha akaokota korosho pamoja na mabibo na kuziacha zimelundikana kwenye kona ya nyumba, anapoteza Novemba alichokipata Julai.

Miti kumi kwa miti kumi

Soko la mbolea za majani limejaa ahadi, na mkulima anastahili ushahidi kutoka shambani mwake. Kwa nafasi ya mita 12 kwa 12, ekari moja hubeba mikorosho 28 hivi, nayo inatosha kwa jaribio la haki. Miti kumi ya umri mmoja na mbegu moja huwekewa alama ya rangi na kupuliziwa. Mingine kumi, iliyochanganyika nayo kwenye mistari ileile, huachwa. Yote ishirini hupata salfa ileile, palizi ileile na kiuatilifu kilekile. Kinachotofautiana ni kirutubisho kimoja tu. Anayepulizia boroni, zinki na urea kwa mkupuo hatajua ni ipi iliyosaidia, na mwaka unaofuata atalazimika kununua zote tatu.

Korosho za kila kundi huokotwa na kupimwa kando, kuanzia tunda la kwanza kudondoka hadi la mwisho. Kutoka kila kundi huchukuliwa kilo moja, punje zake zikahesabiwa: punje chache kwa kilo maana yake korosho kubwa. Kisha sampuli hukatwa kwa kisu, kama inavyofanyika ghalani. Uzito wa ziada ukizidishwa kwa bei ya mnada, ukatolewa gharama za dawa, maji na vibarua, jibu hubaki kwenye karatasi. Msimu mmoja mzuri hautoshi, kwa kuwa mkorosho una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwingine; jaribio lirudiwe kwa miti ileile mwaka wa pili.

Vikundi vya wakulima vinaweza kuligawana jaribio hili. Mwanachama mmoja apime boroni, mwingine zinki, wa tatu chokaa ardhini bila kupulizia chochote, na afisa ugani wa kata aweke kumbukumbu za wote kwenye daftari moja. Kabla ya kununua, waangalie kama mbolea imesajiliwa na TFRA, Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, na kama kiuatilifu wanachotaka kukichanganya nayo kimesajiliwa na TPHPA, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Sampuli za udongo zichukuliwe mwishoni mwa masika, kwenye kina cha sentimita 20 za juu, katika sehemu kadhaa chini ya mwavuli wa miti na sehemu nyingine nje ya mwavuli, kila fungu kwenye mfuko wake. Tofauti ya tindikali kati ya mafungu hayo mawili itaonyesha salfa ya miaka yote imeacha nini chini ya mikorosho, na hapo kikundi kitaamua kama kianze na bomba au na gunia la chokaa.